Fundi Aliyeuliza "Iko?"

Kabla ya kupanda juu ya nyumba ya mtu, alivua viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi hadi ukiviinamia unaona kidevu chako, na aliviweka chini ya ngazi vikitazama geti. Aliyemuuliza sababu alijibiwa, "Mi nikianguka, biatu bikuwe bimeshajua njia ya kurudia." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti.

Simtaji jina. Jina lake niliwahi kulishika vibaya mbele ya watu, na sitaki kulishika tena bila ruhusa yake. Mtaani kwetu tulimwita Fundi tu. Walikuwako mafundi wengine, wa viatu, wa redio, wa baiskeli, lakini hao ilibidi uwataje pamoja na kazi yao. Ukisema Fundi bila kuongeza kitu, watu walitazama juu.

Nyumba zetu zilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Ni za matofali mekundu, na mapaa yake yana mteremko mkali, kana kwamba aliyezichora alitazamia mvua ambayo Lubumbashi haijaiona bado. Baba yangu aliipata yetu kwa kazi ya reli, nami nikairithi pamoja na kazi yenyewe. Nilikuwa karani wa mizigo kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Siku zile sahani ndogo zilikuwa hazijaenea. Aliyetaka kuona dunia kwenye televisheni alihitaji sahani kubwa ya wavu wa chuma, pana kuliko kitanda cha watu wawili. Mwenye uwanja aliisimamisha chini juu ya zege. Sisi tulikuwa na nyua ndogo zilizojaa jiko, choo na kamba za nguo, na kila upande ukuta wa jirani. Kwetu sahani ilipaswa kukaa juu ya paa, na juu ya mapaa yale ni Fundi peke yake aliyethubutu.

Aliunda mwenyewe mguu wa kusimamishia nguzo: vyuma vitatu, viwili virefu vya kushuka na mteremko, kimoja kifupi cha kukumbatia mgongo wa nyumba. Alipima wima kwa timazi, uzi wa kuvulia samaki wenye nati nzito mwishoni. "Toiture inaweza kulala," alisema. "Poteau, hapana." Paa linaweza kuinama, nguzo haiwezi. Mabati aliyatoboa kwenye mgongo wa mkunjo tu, kamwe si kwenye bonde ambako maji hupita, na kila tundu alilivalisha kipande cha mpira wa tairi na lami. Lakini bati, alisema, ni nguo tu. Sahani haikai juu ya nguo, inakaa juu ya mifupa. Kwa hiyo alianzia ndani, darini, akatambaa kwa tumbo hadi kwenye boriti ya katikati, akaigonga kwa spana na kuitegea sikio.

Kabla ya hapo aliuliza swali, na hakumwuliza baba mwenye nyumba. Alikwenda jikoni.

"Mama, apa mvua inaingiaka wapi?"

Alisema mwanaume anajua paa liliwekwa lini, ila mwanamke ndiye anayejua sufuria huwekwa wapi mvua ikinyesha. Nimekuwa nikilifikiria neno hilo miaka mingi, na nitaeleza kwa nini.

Kazi ya kusimamisha ilikuwa yake peke yake. Kazi ya kutafuta picha ilikuwa ya mtaa mzima. Yeye alikuwa juu, akiisogeza sahani upande wa kaskazini, akijipimia kwa bomba kubwa la moshi la mjini. Mwenye nyumba alikuwa sebuleni mbele ya televisheni. Kati yao alisimama mtu dirishani wa kupitisha maneno, na kwa kuwa mimi nilikuwa jirani mwenye sauti, mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

"Iko?"

"Haiko!"

"Na sasa?"

"Haiko! Iko muchanga tu!"

"Sasa?"

"Inakuya… inakuya… imepita! Rudisha, Fundi!"

"Nirudishe ngapi?"

"Unywele mumoja!"

Unywele ndicho kilikuwa kipimo chake. Sahani pana namna ile, nzito namna ile, na aliisogeza unywele mmoja kwa kifua chake, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Saa zilipita. Wanawake waliokuwa bombani wakichota maji walianza kumjibu kwa utani. Nakumbuka mama mmoja aliyepaza sauti, "Papa Fundi, kwangu pia haiko! Bwana yangu haiko tangu juzi!"

Fundi hakugeuka. "Mama, ule wako anaombaka sahani ya metre kumi. Mi niko na ya tatu tu."

Alikuwa mcheshi namna hiyo, ila kwa neno lile "iko" hakuwa na mzaha. Kuna jirani mmoja, mwoka mikate, aliyechoka kusubiri. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza. Akasema "Iko!" nami nikapaza "Iko!" na Fundi akakaza bolti zote, akashuka, akanawa mikono, akaingia sebuleni kutazama. Kwenye kioo kulikuwa na mtu anayesoma habari katikati ya mvua ya mchanga.

"Huyu muntu," Fundi akauliza, "iko mwanaume ao mwanamuke?"

Mwoka mikate akainamisha kichwa, akakaza macho. "Sijue, Fundi."

"Sasa juu ya nini ulisema iko?"

"Nilichoka."

Fundi akarudi juu, akalegeza bolti zote, moja moja, akaanza upya. Kabla ya kupanda alitutazama sote wawili, na mimi ndiye niliyetazamwa zaidi, kwa kuwa nilipitisha neno bila kuangalia. Akasema kitu ambacho baadaye alikirudia mara nyingi, hata mtaa ukakifanya msemo:

"'Haiko' haijaua muntu. 'Iko' njo inauaka bantu."

Na ukimjibu kweli, ukasema "haiko" mara ishirini, hakukasirika hata kidogo. Alisema tu, "Bon. Apo njo kazi inaanza," kama mtu aliyepewa habari njema.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliogopa ngazi, nimemwona akitetemeka kwenye daraja la tatu, ameng'ang'ania kama paka, ila akishaligusa bati alitembea kama yuko sokoni. Chini alikuwa Mkatoliki wa kimya, wa kiti cha nyuma. Juu alimgombeza Mungu waziwazi kwa ajili ya upepo. Alikula karanga huko juu na kutupa maganda kwenye mfereji wa maji, kisha akakugombeza wewe kwa kutosafisha mfereji. Na nyumbani kwake hapakuwa na televisheni. Mke wake alipofariki, mimi nikiwa kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, nilikwenda kuongoza sala, na nilishangaa kuona ukuta mtupu mahali ambapo kila nyumba aliyoihudumia ilikuwa na kioo.

"Fundi, hauna TV?"

"Mi najuaka inatokea wapi," alisema. "Nyiye munaonaka picha. Mi naonaka bolti."

Nilimsomea zaburi siku ile nimemshika bega. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo nililolitumia baadaye kumfunga mdomo.

Kazi yake haikuisha siku ya kusimamisha. Mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, Lubumbashi hupata upepo unaokuja na vumbi jekundu, na sahani kubwa mbele ya upepo ule ni tanga. Fundi alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mbingu zikianza kuwa nyeusi upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege, aliiacha kazi yoyote aliyoishika, akapita nyumba kwa nyumba kulaza sahani: kulegeza bolti moja na kuigeuza itazame juu kabisa, kama bakuli mezani, ili upepo upite bila kuishika. Hakuna aliyemwita. Watu walilalamika hata, kwa kuwa picha ilipotea. "Fundi, iko mpira!" Naye alijibu kutoka juu, "Mpira itarudia. Nyumba hairudiake."

Sasa nije kwenye paa langu.

Ng'ambo ya barabara aliishi mfanyabiashara, mtoto wa watu wa Kasai, mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo sasa. Sahani yake ilikuwa ya kwanza mtaani, na jioni za mpira sebule yake ilijaa. Jioni moja nilichelewa, naye akanipokea mlangoni akicheka, "Papa Karani, kuya na kiti yako! Bya kwangu bimejaa!" Watu wote walicheka. Nilirudi kweli kuchukua kiti, nikavuka barabara nimekibeba kichwani, kiongozi wa jumuiya, mtu aliyemaliza sekondari. Utani ule haukuwa na ubaya wowote. Ulinikaa rohoni mwaka mzima.

Nilimwita Fundi. Mke wangu alikuwa jikoni. Fundi akamwuliza swali lake, naye akamwonyesha pembe mbili za sebule na mahali pa sufuria. Fundi akatambaa darini, akakaa huko muda mrefu, akatoka na vumbi jeupe kwenye nyusi.

"Papa, ule muti ya katikati, muchwa imeshaukula. Nagonga, haijibu. Badilisha kwanza, kisha uniite."

Kubadilisha boriti ya katikati ni kuondoa mabati yote. Ni kulala nje wiki mbili na watoto na vyombo. Nilisema sawa, na sikuibadilisha. Badala yake niliziba dari. Nilinunua mbao nyembamba za kubandika, nikazipigilia sebule nzima, nikazipaka rangi nyeupe. Ilipendeza. Ukiinua macho huoni tena kitu chochote cha kukutia wasiwasi.

Mwaka uliofuata yakaja mashindano makubwa ya mpira. Mke wangu alikuwa amekwenda Sakania, mpakani, kwa dada yake, kuchukua unga wa kuja kuuza. Nilingoja wiki hiyo. Sikumwita Fundi wiki ya kabla wala ya baada. Nataka hili lieleweke, maana miaka mingi nilijidanganya kwamba ilitokea tu hivyo.

Fundi alikuja, akavua viatu, akaenda jikoni moja kwa moja. Akakuta jiko baridi.

"Mama iko wapi?"

"Iko Sakania."

Akarudi sebuleni, akatazama dari jipya. "Ule muti, ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Nifungue apa kidogo, nigonge."

"Unataka kuvunja plafond yangu mupya, Fundi? Neno yangu haitoshe?" Kisha nikaongeza, na sauti yangu niliifanya ya upole, sauti ya msibani: "Siye tumesali pamoja."

Akaweka kiganja ukutani, kama alivyofanya kila mara kabla ya kupanda, akanitazama.

"Muti iko muzima?"

"Iko," nikasema.

Akapanda. Picha ilipatikana haraka kuliko nyumba yoyote, na safi. Jioni ile nilimwita mfanyabiashara wa ng'ambo. Nilimwambia aje na kiti chake.

Sahani ilikaa kwangu miezi michache tu. Kisha likaja alasiri moja lile wingu jeusi upande wa Luano. Nilikuwa nimeketi nikitazama mchezo uliorudiwa, mchezo ambao matokeo yake niliyajua. Nikasikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Nikajua ni yeye amekuja kulaza sahani, na nikajua, kwa uwazi ambao sitausahau, kwamba napaswa kutoka nje na kupaza sauti ashuke. Mke wangu, aliyekuwa akikimbia kuanua nguo, alinitazama kupitia dirisha. Yeye alijua boriti haijabadilishwa. Aliporudi kutoka Sakania na kuona sahani juu, aliuliza mara moja tu, nami nilimjibu vibaya. Nikainuka. Nikafika mlangoni. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia ashuke bila kumwambia sababu, na nilipokuwa bado naitafuta, upepo ukafika.

Haukuvunja nguzo. Nguzo ilisimama wima kama alivyoipima. Ulichomoa mguu wote pamoja na kipande cha boriti na mabati manne, na Fundi akiwa amekumbatia sahani kwa kifua. Viliteremka pamoja kwenye ule mteremko. Nilisikia bati, kisha nikasikia kitu kisicho bati.

Nyonga ilivunjika, na paja. Majirani walimbeba juu ya mlango uliong'olewa. Viatu vyake vilibaki chini ya ngazi, vikitazama geti, na mvua ikaanza kuingia ndani yake.

Katika vurugu ile mimi nilifanya jambo la haraka. Kipande cha boriti kilikuwa kimelala uani, kimepasuka, ndani cheupe na chepesi kama mkate uliooza. Nilikifunika kwa turubai. Asubuhi nilikikata nikakiweka jikoni kama kuni. Mke wangu alipika kwa kuni zile. Uji ulipoiva alinimiminia mimi peke yangu.

Jumapili, baada ya sala ya jumuiya, watu waliniuliza ilikuwaje. Nilisema, "Alifunga na bolti chache. Sijui, labda ni uchovu." Maneno hayo tu. Sikuyarudia tena, haikuhitajika. Nilikuwa mtu anayesoma Injili mbele yao. Ndani ya mwezi mmoja sahani za mtaa wetu ziliteremshwa moja moja, na mafundi wengine wakaitwa kuzisimamisha upya. Mwoka mikate, ambaye sahani yake haikuwahi kutikisika, alisema alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Fundi aliporudi akitembea kwa mikongojo, hakuna aliyemwita hata kwa kazi za chini ambazo angeweza kuzifanya ameketi: kuunda miguu, kupima, kuelekeza. Aliunda miguu miwili akaiweka mbele ya nyumba yake ili watu waione. Ikapata kutu pale pale. Siku moja nyumba ilikuwa tupu, na sahani yangu iliyokunjika, niliyoitupa nje ya geti, haikuwapo tena.

Mke wangu aliniambia mara kwa mara, bila hasira, "Siku moja utaenda kumuambia." Alipokuwa mgonjwa kwa mara ya mwisho hakulisema tena. Alisema tu, "Haujaenda." Tulimzika miaka sita iliyopita.

Mwaka huu, kiangazi, mtu wa zamani wa reli aliniambia Fundi yuko hai, anakaa kwa binti yake upande wa Kasapa, karibu na chuo, kwenye nyumba ya kupangisha wanafunzi. Nilijitayarisha siku nne. Ya tano nilikwenda.

Kitu cha kwanza nilichokiona uani ni sahani yangu. Wavu umekunjika upande mmoja, imelazwa kifudifudi juu ya matofali manne, na kuku wamejificha kivulini chini yake. Yeye alikuwa ameketi kando, kiti cha plastiki, mguu mmoja umenyooka mbele kama si wake. Macho yalikuwa na ukungu. Miguuni alikuwa na kandambili.

Binti yake alisema kwa sauti, "Papa, iko mugeni."

"Nani?"

Nilitaja jina langu. Hakushtuka. Aligeuza kichwa kidogo, kama anayetegea sikio.

"Papa Karani. Unakuya kutafuta sahani yako?"

"Hapana, Fundi. Nimekuja kusema neno."

Mwanafunzi mmoja alipita katikati yetu, simu mkononi, mpira unachezwa ndani ya kiganja chake, akapotea chumbani. Nikasema. Nilisema yote, boriti, dari, Sakania, turubai, kuni, bolti chache. Sikulia, kwa kuwa niliona kulia kungekuwa kumwomba kitu kingine tena. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ile muti niliiona," akasema. "Nikiwa naanguka. Ilipita apa," akaonyesha mbele ya uso wake. "Nyeupe kama bunga ya mukate."

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Juu ya nini haukusema?"

Akacheka kidogo, cheko kavu. "Nisemee nani? Weye njo ulikuwa unawasomea Injili. Nilikungojea. Pale hospitali nilisema, Papa Karani iko anakuya. Wiki ya kufuata, nilisema, iko anakuya. Nilipotoka na mikongojo nilisema, labda Jumapili. Kisha nikaacha."

"Nataka nikurudishie jina lako, Fundi."

"Jina?" Akainua mkono akaonyesha juu, mapaa ya jirani, ambako hapakuwa na sahani hata moja kubwa, visahani vidogo tu kama vifuniko vya sufuria. "Sasa? Nitaiweka kwa toiture gani?"

Kuku mmoja alitoka chini ya sahani, akatutazama, akarudi. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikashika magoti niinuke, ndipo akafumba macho na kuegemeza kichwa nyuma, uso ukitazama mbinguni.

"Weye ulikuwaka kwa dirisha," akasema. "Mi juu."

"Ndiyo."

"Iko?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa kwamba anaiuliza ile boriti.

"Haiko," nikasema.

"Sisikie. Niko juu."

"Haiko, Fundi!"

"Nguvu!"

"Haiko!" Nilipiga kelele, mzee wa miaka sabini na zaidi, katika uwanja wa watu. Kuku walitawanyika. Binti alichungulia. Wanafunzi wawili walitoka vyumbani wakasimama kunitazama.

Nilingoja aseme neno lake la siku zote. Nilikuwa nimelingoja, naona sasa, tangu nilipotoka nyumbani: Bon, apo njo kazi inaanza. Ningeweza kuishi nalo, au kufa nalo. Hakulisema. Alimwita binti yake amwinue. Waliingia ndani polepole, mguu ukiburuta, na mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Apa hakuna bantu ba siku ile, Papa Karani. Rudia ukaisemee kule ulisemeaka."

Nimerudi. Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye jumuiya, nikatazama nyuso. Mwoka mikate alikufa zamani. Mfanyabiashara aliuza nyumba, akaenda. Mama wa bombani haoni wala hasikii. Waliokuwa mbele yangu ni watu wa leo, hawajawahi kumjua Fundi, na nilipoanza kueleza, mmoja alimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini sahani kubwa ni kitu gani. Walinisikiliza kwa heshima, kama mzee anavyosikilizwa. Kisha wakaimba.

Kwa hiyo ninaandika, kwa yeyote aliyebaki kutoka ile barabara yetu, popote alipo, aliyenisikia Jumapili ile na akaniamini. Fundi alifunga vizuri. Bolti zilikuwa zote. Boriti ndiyo iliyokuwa haiko, na mimi ndiye niliyesema iko.